Kichwa cha Niyigena

Kichwa cha Niyigena kilijulikana kabla ya jina lake. Pale Karuba, kwenye milima ya Masisi, mwanamke aliyetoka kuchota maji alikuwa anasema, "Nimekutana na ule mutoto wa kichwa," na watu wote wakaelewa ni yule wa Athanasie. Wenzake walicheza mpira wa manailo yaliyofungwa kwa kamba za mgomba, wakapiga kwa miguu kama watoto wote wa dunia. Yeye alingoja mpira upae, akaruka, akaugonga kwa paji la uso, nao ukaenda pale alipotaka yeye. Mpira ukikosekana alipiga parachichi bichi. Mama yake alimfokea kwa kuharibu matunda, kisha akajificha nyuma ya zizi amtazame tena.

Athanasie alikuwa mwanamke wa kujivuna na hakulificha jambo hilo. Alisoma shule ya msingi mpaka mwisho, enzi za masista, na alichokisikia mara moja hakikutoka. Alijua ng'ombe gani alizaa mvua ya mwaka gani, na nani alivaa kitenge gani kwenye ndoa ya nani. Mume wake alipokufa akamwachia shamba la viazi, ng'ombe wachache na mtoto mmoja, aliwaambia waliokuja kulia naye, "Musinihurumie. Niko na Niyigena."

Niyigena alipokuwa kijana, mtu mmoja wa Goma alipita kwenye mashindano ya shule akitafuta wachezaji. Alimwona akiruka katikati ya wengine na kuitoa mipira yote kwa kichwa, akamchukua siku ileile. Ekipe, yaani timu yake, ilikuwa kubwa, yenye jezi za kijani na basi lake. Walimpa mkataba na mshahara. Akawekwa nyuma, fasi ya kulinda, na kila mpira wa juu ukawa wake. Watu wa kwenye viti wakamwita Nyundo. Kwa mshahara wake wa kwanza alimnunulia mama yake ng'ombe jike mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na watu wa Karuba wakasema hata ng'ombe amechagua mwenye kichwa.

Siku za mechi Athanasie alipanda na radio yake mpaka juu kwenye malisho, pale sauti inaposhika vizuri, na majirani wakamfuata. Mtangazaji alipiga kelele, "Nyundo! Nyundo ameitoa!" na mlima mzima ukaitika. Mara nyingine alisema, "Nyundo iko chini... iko chini bado... wanamumwangia maji... anasimama! Anaendelea!" Hapo walipiga makofi kuliko hata kwa goli, na aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa Athanasie.

"Mutoto wangu kichwa yake ni jiwe," aliwaambia wamama sokoni Mushaki. "Wenu wanaanguka, wanabebwa. Wangu anaanguka, anasimama."

Kulikuwa na mechi moja dhidi ya ekipe ya Bukavu ambayo Niyigena mwenyewe aliisimulia kila alipokuja nyumbani. Waligongana vichwa na mshambuliaji wao, wote wawili wakaanguka kama magunia ya mahindi. Yule wa Bukavu hakurudi uwanjani. Niyigena alipigwa maji, akaoneshwa vidole, akasema hesabu yoyote, akacheza mpaka mwisho. Ndani ya basi, wenzake wakiimba, alimuuliza rafiki yake Prince, aliyekuwa gardien, mlinda lango: "Kaka, leo tunacheza na nani?" Basi zima lilikufa kwa kicheko. Karuba nako walicheka. Ilikuwa hadithi ya kuchekesha, ya kusimulia mbele ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi.

Kwa ajili ya kasiksi hiyo inafaa Colette aingie sasa.

Colette alikuwa binti wa Walikale, wa watu wa msitu, mrefu, mcheshi, anauza mawese pale Goma karibu na uwanja wa mazoezi. Niyigena alinunua mawese asiyojua kuyapika mpaka alipomuoa mwenye kuyauza. Athanasie alitaka msichana wa huku, wa maziwa na viazi. Hakusema, lakini uso wake ulisema.

Siku ya kwanza Colette alipoletwa Karuba, walimpa kazi ya kuhudumia wakubwa. Alimimina kasiksi, akapiga magoti vizuri, akamnyooshea kikombe Papa Kanyamibwa, baba mdogo wa Niyigena. Kanyamibwa hakupokea. Huku kwetu anayekupa kinywaji anaonja mbele, wewe ukimtazama, ndipo anakupa. Hata ndugu kwa ndugu, hata padri akitembelea. Ni heshima, na ni kumwonesha mtu kwamba hukumwekea kitu.

"Binti," Kanyamibwa akasema, "kwenu hamuonjake?"

"Papa, kwetu Walikale ukikunywa mbele ya mugeni, batu banasema una kiu kuliko adabu."

"Basi kwenu batu banakufaka bila kujua juu ya nini!"

Watu walicheka. Colette naye akacheka, akainua kikombe, akakishusha kikiwa nusu.

"Chukua, Papa. Desturi yenu ni nzuri sana. Inanywesha mwenye kuleta."

Kanyamibwa alicheka mpaka akapiga mapaja. Athanasie alicheka pamoja na wengine. Lakini Athanasie ni mtu asiyesahau, na jambo lile aliliweka.

Miaka ilipita, Colette akazaa msichana, Nicole. Halafu ekipe ikamwacha Niyigena. Walisema hasikii tena maagizo, anakimbilia upande usio wake. Alirudi Karuba akiwa bado mtu wa nguvu, ndevu hazijapata mvi hata moja, na watu walifikiri atawafundisha watoto mpira.

Kwanza kilikuja kichwa kuuma. Alikaa ndani mchana, amefunga kitambaa machoni. "Mama," alisema, "zima hii jua." Athanasie alicheka, akidhani ni mchezo, mpaka aliposema tena huku analia.

Kisha zikaja hasira. Niyigena hakuwahi kumpiga hata mbwa, lakini alivunja mlango kwa bega kwa sababu kijiko kilianguka. Alimsukuma Colette kwenye ukuta, na dakika chache baadaye akamkuta amekaa chini ameshika mkono. "Nani amekufanya hivi? Niambie nikamupige!"

Halafu vitu vikaanza kutoka kichwani mwake kimoja kimoja. Alitoka kwenda Mushaki, njia aliyoipita tangu utoto, akaonekana upande mwingine kabisa wa mlima akiwauliza wachungaji uwanja uko wapi. Alipeleka ng'ombe wake katika zizi la jirani na kupigana na jirani aliyemwambia si pale. Alimwita Nicole kwa jina la shangazi yake aliyekufa. Vita ilipopita walikimbilia kambi ya Kitshanga pamoja na watu wote, na waliporudi wengine walisema ni woga wa mabomu. Athanasie alikataa. Watu wote walikimbia, na hakuna aliyesahau jina la mtoto wake.

Akatafuta sababu. Mtu anayekumbuka yote hawezi kukubali jambo lisilo na mwanzo.

Siku moja alimkuta Colette jikoni anafunga samaki ndani ya majani, pamoja na mawese na pilipili, liboke kama wanavyopika kwao. Niyigena aliipenda liboke kuliko chakula chote. Katika ugonjwa wake alikuwa amefikia hali ya kukataa sahani ya kila mtu isipokuwa ya Colette. Mke akimlisha kwa mkono alitulia kama mtoto. Athanasie alisimama mlangoni akatazama yale majani, na akakikumbuka kikombe cha kasiksi ambacho hakikuonjwa mpaka alipoambiwa.

Alimwendea Kanyamibwa, aliyekuwa anachambua maharage.

"Shemeji, huyu mutoto amelishwa."

Kanyamibwa aliacha maharage. "Sema polepole. Amelishwa nini?"

"Karuho."

Karuho ni ile sumu ya polepole. Haiui leo wala kesho. Inakaa ndani ya mtu na kumla kidogo kidogo, leo nguvu, kesho akili, na aliyeitia anaendelea kusalimia watu. Hivyo ndivyo wanavyosema, na neno hilo likishatamkwa juu ya mtu halirudi kinywani.

"Na nani?" Kanyamibwa akauliza, ingawa alikwisha kuelewa.

"Anakula mukono ya nani?"

Waliketi kama familia Jumapili baada ya ibada, nje, juu ya mikeka. Colette alisimama katikati. Kosa lao moja lilikuwa kumweka Niyigena pale pale. Siku ile kichwa chake kilikuwa kimetulia. Alifuata maneno, akamtazama kila aliyesema, kama zamani.

"Mimi?" Colette alisema. "Mimi ninayemuogesha? Mama, ningetaka kumuua, si ningemuacha tu apotee njiani?"

"Batu ya msitu wanajua majani," Kanyamibwa akasema.

"Na nyinyi batu ya ng'ombe munajua nini? Munajua kuhesabia batu makosa!" Alimgeukia mumewe. "Niyigena. Baba Nicole. Sema nao."

Niyigena alimtazama mama yake, kisha mke wake, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejifunza jambo: "Karuho?"

Kuanzia pale Colette alionja kila kitu mbele yao. Alionja maji. Alionja chumvi. Alikula nusu ya sahani kabla ya mgonjwa, na wao wakasema, "Kama iko na dawa ya kuizuia, si anaweza kula?" Wakamleta mama mmoja wa upande wa Burungu, anayejulikana kwa kutapisha sumu. Alimnywesha Niyigena maji ya mizizi mpaka akatapika na kulegea. Yule mama akachokoa matapishi kwa kijiti, akainua kitu cheusi kidogo.

"Munaona?"

Waliona. Athanasie aliona kwa macho yake.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kumlinda asile tena mkononi mwa Colette, na kazi ilikuwa ngumu kwa sababu alisahau. Wakimkataza asubuhi, mchana amekaa jikoni anangoja liboke. Athanasie akaona atamfundisha kama alivyomfundisha katekisimu alipokuwa mdogo, swali na jibu, swali na jibu, mpaka likae.

"Nani alikupa karuho?"

"Sijue, mama."

"Colette. Sema: Colette."

"Colette."

"Chakula yake utakula?"

"Niko na njaa."

"Utakula?"

"Hapana."

Kila asubuhi, kabla ya uji. Kila jioni, ng'ombe wakirudi. Akikosea walirudia. Athanasie alikuwa mwalimu mzuri, asiyechoka, na ilipofika siku ambayo mwanawe alijibu yote bila kusaidiwa, alimshika kichwa kwa mikono miwili akamshukuru Mungu kwamba bado kulikuwa na kitu kinachoweza kuingia humo.

Colette alifunga vitu vyake siku ambayo Niyigena alimmwagia uji wa moto miguuni. Hakupiga kelele. Alimbeba Nicole mgongoni, akasimama mbele ya mama mkwe wake.

"Mumeshinda. Lakini nitawauliza siku moja: nani atamulisha?"

"Mimi nilimulisha kabla hujazaliwa," Athanasie akamjibu.

Hakumlisha. Niyigena alikataa. Aliyapokea maziwa, akayanusa, akayaweka chini. "Colette iko wapi?" aliuliza, kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya zamani. "Mwambieni Colette alete." Na walipomuuliza, "Nani alikupa karuho?" alijibu, "Colette." Maneno hayo mawili yalikaa ndani yake bila kugombana, kama majirani wasiosalimiana. Akakonda. Kilichobaki kikubwa kilikuwa kile kichwa.

Wakati huo ndipo Prince alipofika kutoka Goma kwa moto, yaani pikipiki, yule gardien wa zamani, mtu mnene mwenye kicheko kinachotangulia kuingia nyumbani.

"Nyundo! Simama, kona inapigwa!"

Niyigena alimtazama kwa heshima, kama unavyomtazama mgeni wa baba yako. "Karibu, Papa. Unatoka ekipe gani?"

Prince alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Alikaa chini. Athanasie alimweleza yote: majani, kikombe, kitu cheusi kwenye kijiti. Prince alisikiliza akizungusha kofia yake ya moto mikononi.

"Mama, mimi nilikuwa nyuma yake miaka yote ile," akasema mwisho. "Mimi nilishika mipira na mikono. Yeye alishika na kichwa. Najua mara ngapi alilala chini? Sijue. Hakuna anayejua. Siku zingine alitapika kwenye vestiaire, pale tunavalia jezi, kocha anasema, ni joto, mupeni maji ya sukari. Jumapili ifuatayo anacheza tena. Na mazoezi? Mipira ya juu asubuhi mpaka saa sita, kichwa tu, kichwa tu."

"Wachezaji wote wanapigwa."

"Ndiyo. Na Jean-Luc, ule mushambuliaji wetu, leo anapotea ndani ya kartie, mtaa yake mwenyewe. Anabomoa vyombo. Bibi yake, ule alimuoa, ni wa Rutshuru, hajui hata liboke ni nini. Ye naye amemulisha karuho? Mama, mabibi zetu wote walikutana wapi kupanga hii?"

Kesho yake Athanasie alimvalisha mwanawe shati safi, wakateremka pamoja na Prince mpaka Goma, kwa daktari aliyemwona Jean-Luc.

Alikuwa mwanamke, mdogo kwa Athanasie, mwenye sauti ya chini. Alimpima Niyigena kwa maswali na vidole, akamtembeza kwenye mstari, akamwomba akumbuke maneno machache, nayo yakapotea kabla hajafika kwenye kiti. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, nyumbani munasuka maziwa?"

"Sisi ni batu ya Masisi. Tunasuka."

"Ukisukasuka kibuyu, kibuyu kinapasuka?"

"Hapana."

"Na maziwa ndani?"

"Inakatika. Siagi inaenda huku, maji huku."

"Ubongo ya mwana wako njo vile. Kila alipogongwa ilisukwa. Nje kichwa ni kizima, hakuna hata alama. Ndani imesukwa miaka na miaka, hawakumupumzisha ipate kutulia."

Athanasie aliielewa haraka kuliko daktari alivyotegemea, kwa sababu ni yeye aliyesuka maziwa tangu akiwa msichana, na anajua hakuna mtu aliyewahi kurudisha siagi ikawa maziwa. Hata hivyo aliuliza.

"Kuna dawa?"

"Ya kupunguza maumivu na hasira, nitakupa. Ya kurudisha, hakuna. Itaendelea. Kinachomusaidia ni utulivu. Fasi moja, sura anazozoea, mukono moja anaoamini kwa chakula, kwa kuoga. Anaamini mukono ya nani?"

Prince alitazama dirisha.

"Ya bibi yake," Athanasie akasema.

"Basi huyo asitoke kwake. Huyo njo dawa kubwa muliyonayo."

Njiani kurudi, gari lilipopanda kutoka Sake, Athanasie alikumbuka jambo ambalo hakulitafuta. Usiku wa kuamkia ile siku ya kutapisha, familia ilikula maharage meusi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyapika.

Alikwenda Kitshanga, alikosikia kwamba Colette amehamia. Alimkuta Colette sokoni, nyuma ya meza ya sombe, majani ya muhogo, na mawese, Nicole amelala chini ya meza juu ya gunia. Wamama wa meza za jirani walimtambua mgeni kwa maelezo waliyokwisha kupewa, wakaanza.

"Kumbe njo huyu? Colette, muonjeshe mawese mbele, asije akafa hapa!"

"Mama, simama mbali, majani ya Walikale inaruka!"

Athanasie aliwaacha wamalize. Hakuwa amewahi kuomba radhi katika maisha yake, na mdomo wake haukujua njia. Alitengeneza kitenge chake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye meza za nyama:

"Mimi ni Athanasie wa Karuba. Nilisema mukwe wangu ametia mwana wangu karuho. Hakuna karuho. Ni mupira. Kila mutu aliyesikia lile neno, asikie na hili."

Colette aliendelea kukata sombe.

"Anakula?"

"Hapana."

"Ananiuliza?"

"Kila siku. Anasema, mwambieni Colette alete."

Kisu kilisimama. "Na ile muliyomufundisha?"

Athanasie alitazama miguu ya Colette. Ngozi mpya ilikuwa imeota, nyeupe kidogo, pale uji ulipomwagika.

"Daktari amesema kila kitu kinatoka," akasema. "Mechi zake zimetoka. Baba yake ametoka. Jina la Nicole limetoka. Na hii nayo itatoka."

Colette alifikiri. Kisha akacheka kidogo, mara ya kwanza, kicheko kisicho na furaha. "Kweli. Amesahau mpaka mutoto wake. Karuho yenu njo nini asiisahau?"

Kwa tumaini hilo wawili walirudi Karuba, Nicole mgongoni. Ni tumaini la ajabu, la kutegemea ugonjwa ule ule unaowaua, lakini hawakuwa na lingine. Njia nzima ya kuja, Colette alipanga: atapika liboke, atamwogesha, ataimba ule wimbo wa ekipe.

Niyigena alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya zizi. Yule ng'ombe mwenye baka alichukuliwa wakati wa vita, lakini binti yake alibaki, naye ana baka lilelile, na huyo Niyigena alimjua siku zote. Colette alikwenda mwenyewe kukamua. Alileta maziwa kwenye kikombe, akapiga magoti, akaonja mbele, taratibu, ili aone. Kisha akamnyooshea.

"Baba Nicole. Kunywa."

Mikono ya Niyigena iliinuka kupokea. Halafu aliutazama uso. Aliutazama kwa muda mrefu, na Athanasie aliyesimama kando aliona kitu kikija ndani ya macho yale kutoka mbali, kama mtu anayepanda mlima. Akafikiri: anamkumbuka. Na kweli alimkumbuka.

"Wewe njo Colette," Niyigena akasema. "Colette alinipa karuho. Chakula yake sitakula."

Akageuza kikombe. Maziwa yakamwagika kwenye matope ya zizi.

Athanasie alipiga magoti mbele ya mwanawe na kumshika mashavu. "Hapana, mwana wangu. Ilikuwa uongo. Mama alikosea. Colette ni muzuri. Sema: Colette ni muzuri."

"Colette ni muzuri."

"Nani alikupa karuho?"

"Hakuna, mama."

"Utakula chakula yake?"

"Nitakula. Niko na njaa." Akatabasamu. Kisha akamwona mwanamke aliyepiga magoti na kikombe kitupu, akasogea nyuma na kiti. "Mama! Huyu njo alinipa karuho!"

Walijaribu kesho yake, na kesho yake tena. Athanasie alifundisha kwa swali na jibu, asubuhi na jioni, kwa uvumilivu uleule, kwa mdomo uleule. Lakini alikuwa anapanda kwenye shamba lililokwisha kuchukuliwa na mmomonyoko. Somo la kwanza lilikuwa limeingia wakati bado kulikuwa na udongo, likaota mizizi. Hili la pili halikupata pa kushika. Lilikaa kinywani mwa Niyigena kwa muda wa kulitamka tu.

Kanyamibwa alikuja, naye akamwambia kwamba walikosea. Padri alikuja, akaomba. Niyigena aliwashukuru wote. Jina la Karuba liliondoka, hesabu iliondoka, jinsi ya kufunga vifungo vya shati iliondoka. Karuho ilibaki.

Colette hakurudi Kitshanga. Alitafuta njia ya katikati, nayo ndiyo wanayoishi mpaka leo. Anakaa jikoni, nyuma ya ukuta wa matete, na hapiti uwanjani Niyigena akiwa nje. Anapika liboke, anamimina maziwa, anapitisha sahani kwa mlango wa nyuma. Athanasie anaipokea na kuibeba mpaka mbele.

"Onja mbele, mama," Niyigena anasema. Hamwamini tena hata yeye.

Athanasie anaonja. Anaonja samaki, anaonja maziwa, anafungua kinywa aone kwamba amemeza. Siku zingine hiyo inatosha. Siku zingine haitoshi, na sahani inarudi nyuma ilivyokuja, na nyuma ya matete Colette anaifunika.

Jana ilitosha. Alikula yote, akalamba mawese kwenye jani, na uso wake ukalegea.

"Hii ni ya Colette," akasema. "Hakuna mwingine anajua hivi. Mama, Colette alienda wapi?"

"Yuko karibu."

"Alikasirika?"

"Hapana."

"Alikuwa anauza mawese kule Goma. Nilinunua bila kujua kupika." Akacheka peke yake. "Mwambie arudi, mama. Mwambie niko namungoja."

Athanasie aligeuka kutazama jikoni. Katikati ya matete aliona jicho la Colette, na mkono uliofunika mdomo. Colette alitikisa kichwa: hapana, nisitoke. Kisha akainama, akaanza kupuliza moto, ambao ulikuwa unawaka vizuri bila kupulizwa.

"Nitamwambia," Athanasie akasema.

"Na maziwa?"

Akamnyooshea kikombe. Niyigena akakitazama, akamtazama yeye, na mikono yake haikuinuka.

"Onja mbele, mama."

Akaonja.